Bendera ya Juu

Kesho asubuhi Ngeleja angepandishwa mahakamani Tarime kwa kosa la kuua, na aliyemfunga pingu alikuwa Elieth mwenyewe.

Alimfunga palepale barabarani, mbele ya watu, mtu udongo mwekundu umemganda mpaka kwenye viwiko. Watu wa Nyanungu wakapiga makofi. Mkaguzi Msaidizi wa Polisi hapigiwi makofi mara nyingi, na siku ile Elieth hakuyakataa. Leo, wiki moja baadaye, alikuwa amesimama kwenye kona ileile na jalada kwapani, na yale makofi yalikuwa yanamwasha kama upupu.

"Afande, tunatafuta nini tena?" Konstebo Sylvester aliuliza. "Jalada limejaa."

"Limejaa, ndiyo. Hebu nieleze lililomo."

"Lote?"

"Kwa kichwa, siyo kwa karatasi. Nieleze kama unavyomweleza mkeo."

Sylvester akakuna shingo. "Wangwe, mshika bendera wa juu, kafukiwa na udongo jioni, siku ya gulio. Ngeleja, dereva wa kijiko, kakutwa peke yake juu ya kifusi anachimba kwa mikono. Asubuhi yake walikuwa wamegombana, akamwambia marehemu nitakufukia, mafundi wote wamesikia. Maiti ilikutwa kichwa kimefunikwa kwa reflekta yake mwenyewe, ile fulana ya kung'aa ya kazini. Na Marwa, mshika bendera wa chini, alisikia kijiko kinanguruma kabla udongo haujashuka. Basi. Kamfunika kichwa, kamweka pembeni, kamsukumia mlima. Mke wangu hapo angekuwa ameshalala."

"Mimi silali," Elieth alisema. "Nipe simu yako yenye zile picha."

Barabara ya kupanda Nyanungu ilikatika wakati wa masika. Mlima uliteremka na mahindi yake na mawe yake, ukabeba lami kidogo iliyokuwepo na kalavati mbili, ukavimwaga bondeni. Sasa ilikuwa inajengwa upya. Upande wa juu mlima ulikuwa umekatwa wima kama mkate. Upande wa bonde mafundi walikuwa wanapanga vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, wanaviita gebioni, kikapu juu ya kikapu, vishike ukingo usiondoke tena. Katikati palibaki upana wa gari moja. Ndiyo maana kulikuwa na watu wa bendera, mmoja chini, mmoja juu; huyu akiinua kijani, yule anainua nyekundu.

Kwenye kona yenyewe gebioni zilikuwa hazijafika. Ukingo ulikuwa udongo mtupu wa kujaza, haujashindiliwa. Ili mtu asiukanyage, palifungwa utepe wa rangi nyekundu na nyeupe kwenye vijiti. Aliyeufunga ni Wangwe.

Elieth aliangalia picha, moja baada ya nyingine, jinsi Sylvester alivyozipiga jioni ileile. Utepe haukukatika. Nyuma yake zilionekana nyayo chache za buti, hatua fupi za mtu anayevuka kwa uangalifu, halafu pale udongo ulipomegeka, visigino vikiwa upande wa barabara.

"Mtu anayeburutwa anaacha nyayo hizi?" aliuliza.

"Labda alitishiwa."

"Za anayemtishia ziko wapi?"

Sylvester akainama juu ya simu, akazitafuta.

"Na hii." Picha ya kijiko, ile mashine kubwa ya njano ya kuchimbia, imeegeshwa juu ya kona. Meno yake yalikuwa yamegandwa na kokoto za kijivu, zile zinazotoka mtoni. "Kifusi kilichomfukia rangi gani?"

"Chekundu, afande."

"Na wewe uliipiga picha hii, na mimi niliiona, na sote tukaipita. Tulikuwa tumeshampata mtu wetu."

Msimamizi wa mafundi, mzee Simioni, alikuja akijifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Umekuja kunisimamishia kazi tena?"

"Swali moja tu. Wangwe angevuka ule utepe kwa hiari yake?"

Simioni akacheka bila furaha. "Wangwe? Alimfokea mpaka mhandisi. Alimwambia, bosi, huo siyo udongo, huo ni uji, ukimwagika mimi sina sufuria. Mtu huyo avuke? Labda awe anafukuzwa na nyoka."

"Kulikuwa na nyoka?"

"Hapana."

"Kulikuwa na nani?"

"Tipa la mawe lilikuwa limesimama juu yake kidogo, limeziba njia, dereva amelala kwenye usukani. Sisi tuko chini tunafunga waya. Wengine ni wapita njia tu. Siku ya gulio wanapita watu wengi, nani anawahesabu?"

Elieth alifunga jalada. "Twende kituoni," alimwambia Sylvester. "Na tukifika, wewe ukae nje."

*

Ngeleja alikuja machimbo ya Genkuru kutoka Usukumani kufuata dhahabu, akaambulia malaria, akajifunza kuendesha kijiko ili asirudi kwao mikono mitupu. Alikuwa mtu mrefu, na mahabusu ya kituo kile ilikuwa imejengwa kwa ajili ya watu wafupi. Alikuwa amekaa chini pekupeku, ameegemea ukuta, magoti yamefika kidevuni.

Askari mmoja alipita korido, na alipofika mlangoni akakohoa. Kikohozi cha makusudi, cha kuigiza. Akaenda zake akicheka.

Ngeleja hakuinua kichwa. "Umekuja kucheka na wewe, afande?"

Elieth aliivuta stuli akakaa. Siku ya kwanza, kwenye maelezo ya onyo, mtu huyu alisema alijua pa kuchimba kwa sababu alisikia kikohozi chini ya udongo. Taarifa ya mganga ilikuwa mezani, inasema marehemu alikufa palepale udongo ulipomwangukia. Elieth aliisoma kwa sauti, kisha akauliza, "Kwa hiyo maiti ilikohoa?" Kituo kizima kikacheka. Yeye ndiye aliyeanza. Tangu hapo askari wakipita mlangoni wanakohoa.

"Rudia," alisema. "Anzia kwenye chai."

"Nimerudia mara ngapi?"

"Mara hizo zote sikuwa nasikiliza. Sasa nasikiliza."

Ngeleja alimtazama, akaamua. "Nilizima kijiko, nikashuka kwa mama ntilie; mwenyewe alikuwa gulioni, nikajimiminia. Sijamaliza chai, nikasikia mlima unashuka. Ni kama mtu anamwaga gunia la mahindi juu ya bati, halafu gunia haliishi. Nikaacha chai, nikapanda mbio. Bendera nyekundu iko chini, mwenyewe hayupo, kifusi kimejaa chini ya ukingo. Nikateremka. Nikanyamaza nisikilize. Nikasikia anakohoa."

"Kikohozi gani?"

"Kidogo. Cha mtu mwenye adabu. Kama anabisha hodi." Alitazama mikono yake. "Nikaanza kuita, Wangwe, Wangwe, huku nachimba. Nimefika kichwani nakuta reflekta imemfunika, nikadhani kuna mtu kamfunga. Ameinama hivi, amechuchumaa. Hakukohoa tena. Watu wakafika. Wewe ukafika."

"Asubuhi mligombana."

"Alinipandishia nyekundu nimebeba mawe, nikamwambia nitakufukia. Afande, pale kazini tunafukiana kila siku kwa mdomo. Yeye aliniita Mla Michembe mwaka mzima, kisa mimi Msukuma, nilimpeleka polisi?"

"Siku hiyo alikuwa na neno na mtu mwingine?"

"Na Marwa. Habari za bendera."

"Bendera zipi?"

"Siku za gulio Wangwe alikuwa anashika bendera ya chini. Siku nyingine popote, lakini ya gulio, chini. Mimi nilidhani anapenda kuwa karibu na chai. Siku hiyo Marwa akawahi ya chini, akagoma kutoka. Wangwe akamwambia, mura, nipe, si unajua. Marwa akacheka tu."

"Si unajua nini?"

"Mimi Mla Michembe, nitajuaje?"

Elieth alisimama. Mlangoni aligeuka. "Viatu vyako viko wapi?"

"Mlivichukua nyie."

*

Siku hiyo nayo ilikuwa ya gulio. Waliporudi kwenye kona, watu walikuwa wameanza kupanda kutoka sokoni, na Marwa alikuwa ameshika bendera ya chini. Elieth hakumsemesha. Alipanda mpaka bendera ya juu, akasimama mahali aliposimama Wangwe, akaangalia.

Hakuona kitu. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza. Kutoka chini unaona barabara yote ya sokoni, unamtambua mtu angali mbali kwa mwendo wake. Kutoka juu unaona ukuta wa udongo na kona. Mtu anakutokea usoni ghafla, mmeshaonana.

Mwanamke kijana alitokea hivyo, beseni la vitunguu kichwani. Upande wa pili alikuwa anateremka mzee mmoja na fimbo yake, anamburuza mbuzi. Mwanamke alipomwona alisimama kama aliyegonga kioo. Akageuka. Akarudi kule alikotoka, mbio, kitunguu kimoja kikadondoka kikabingirika bondeni, hakukiangalia. Mzee naye alikuwa ameshageukia ukuta, kampa barabara mgongo, anachungulia udongo kana kwamba kuna maandishi. Alisubiri. Hatua zilipoisha, akaendelea na safari yake na mbuzi wake.

"Baba mkwe wake," alisema Sylvester. "Atateremka mpaka kwenye gebioni za chini ampishe. Pole yake, na mzigo ule."

Elieth hakuhitaji kuelezwa. Kwa Wakurya jambo hilo lina jina, ensoni, na kila mtoto analijua kabla hajajua kuhesabu: baba mkwe na mkamwana, mama mkwe na mume wa binti yake, hawatazamani, hawatajani majina, wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Elieth mwenyewe alikuwa mkamwana wa mtu. Lakini alikuwa anapita na difenda. Kwa miaka mingi baba mkwe wake alikuwa akisikia mlio wa gari la polisi anaugeukia ukuta wa nyumba, na yeye ndani ya gari anaendelea kuzungumza na simu.

Aliutazama ule utepe. Halafu ukuta uliokatwa wima, usio na hata mzizi wa kushika. Halafu pale tipa lilipokuwa limeziba.

"Mzee Simioni," aliita. "Kabla ya kukata mlima, hapa konani palikuwa na nini?"

"Vichaka. Na kijia kidogo kinaingia ndani, kinatokea huko juu."

"Cha nini?"

Simioni aliangalia buti zake. "Cha kupishana."

"Nani na nani?"

"Afande, na wewe ni wa hapahapa."

"Kwenye kikao cha barabara hakuna aliyelisema?"

"Mhandisi katoka Dar es Salaam, yuko pale na ramani yake na wazee wote na akina mama wote. Nani asimame aseme, tuachie kichaka cha kujifichia wakwe? Kila mtu alifikiri mwenzake atasema." Alivuta pumzi. "Hata mimi."

Elieth alimwita Marwa kwa mkono. Marwa alipanda polepole, bendera imekunjwa kwapani, kijana mwenye mabega mapana na uso wa kuchekesha watu. Leo uso ulikuwa umeishiwa.

"Kwa nini Wangwe alikuwa anataka bendera ya chini siku za gulio?"

"Sijui, afande."

"Marwa. Mimi ni mke wa mtu huku. Usinifanye mgeni."

Kijana akaangalia chini. "Mama mkwe wake anarudi sokoni muda huo. Kutoka chini anamwona mapema, anajisogeza nyuma ya kibanda cha mama ntilie. Kila gulio. Tulikuwa tunamtania, tunamwambia mama mkwe kakupa hofu kuliko chui."

"Na siku ile ukamnyima."

"Nilitaka tucheke tu." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nilifikiri atakimbia juu, ajipenyeze kando ya tipa, atoke na matope, tumwone. Tipa lilikuwa limebana ukuta, hakuna pa kupita mtu anayekimbia. Sikulijua hilo. Nilikuwa nimesimama hapo chini nasubiri kucheka."

"Mlio wa kijiko ulisikia?"

Marwa aliikunjua bendera, akaikunja tena.

"Marwa, kuna mtu kesho anasomewa shitaka la kuua. Ulisikia kijiko?"

"Sikusikia kijiko."

"Basi kwa nini ulisema?"

"Mliuliza kama nilisikia. Wewe uliuliza, afande. Na watu walikuwa wanasema ni Msukuma, ni Msukuma. Nikaona kheri iwe yeye kuliko iwe mzaha wangu."

Sylvester aliacha kuandika. Elieth alimwambia aendelee.

*

Nyumba ya Robi, mama mkwe wa Wangwe, ilikuwa juu ya kona, unaifikia kwa kupanda kijia chenye mawe. Robi alikuwa jikoni, anapepeta ulezi. Hakwenda kwenye maziko ya mume wa binti yake, na hakuna aliyeshangaa, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza lolote. Hata polisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ungo haukusimama. "Mmechelewa kufika kwangu."

"Tumechelewa. Gulio lililopita ulipita konani?"

"Kila mtu hupita. Kuna njia nyingine?"

"Ulikutana na nani?"

Ungo ukasimama. Robi alikuwa mwanamke mwenye mikono mikubwa, na sasa hakujua pa kuiweka. Akaifunika kwa kanga. Alijigeuza kwenye kigoda mpaka akawa anatazama mafiga.

"Usitaje jina," Elieth alisema. "Sema mume wa Esta. Inatosha."

"Sheria inakubali hivyo?"

"Leo inakubali."

Robi aliangalia majivu. "Hatukuwahi kuonana uso kwa uso tangu amwoe mtoto wangu," alisema. "Ni mtu mwenye heshima sana. Alikuwa. Hata shambani, akiniona mbali anajificha, akishajificha anakohoa. Kidogo tu. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu. Nikisikia kikohozi, najua njia ni nyeupe, napita."

"Siku ile?"

"Nilizunguka kona, huyu hapa. Macho kwa macho, kama mimi na wewe. Niliona aibu mpaka nikasikia masikio yanawaka. Nikageukia ukuta, nikavuta kanga usoni, nikangoja akohoe."

Kalamu ya Elieth ilikuwa imesimama juu ya karatasi: kanga usoni kwa huyu, reflekta kichwani kwa yule.

"Nikasikia udongo unaanguka. Nikasema moyoni, hao ni mafundi na mawe yao. Sikugeuka. Ningegeukaje? Kisha akakohoa."

"Baada ya udongo."

"Baada ya udongo. Nikapita." Alitikisa kichwa. "Nilipita nimejifunika uso, nikajibana kando ya tipa, nikaja kwangu. Nilikuwa namshukuru, ujue. Nilisema, yule kijana ana adabu, amepata mahali pa kujificha hata pale pasipo na mahali."

Kuku aliingia jikoni, akadonoa ulezi uliomwagika. Hakuna aliyemfukuza.

"Nimefika hapo nje nikasikia yule Msukuma anaita jina. Anaita, anaita, kama mtu anayelia. Ndipo nikajua kikohozi kile kilitoka wapi."

"Ukafanya nini?"

"Nikasimama."

"Hukuteremka?"

"Niteremke nimwite nani? Jina lake halijawahi kupita mdomoni mwangu. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua, halikutoka. Mgeni analiita mpaka sauti inakatika, na mimi mama wa mkewe nimesimama hapo."

Elieth aliuliza swali alilopaswa kuuliza. "Na nilipomfunga pingu huyo mgeni, ulikuwa unaona?"

"Niliona. Niliona na makofi."

"Ulijua hakuua."

"Nilijua." Robi aligeuka, na kwa mara ya kwanza alimtazama. "Nilisema, huyo ana mdomo, atajitetea. Nikisema mimi, itabidi niseme nilikutana na nani, na nilimwacha wapi, na Esta asikie. Niliona aibu yangu ni nzito kuliko shingo ya mtu mwingine. Unanisikia? Andika hivyohivyo."

"Naandika."

Kuna maneno Elieth alikuwa ameyaandaa tangu kwenye kijia, makali, ya kumwambia mwanamke anayeficha ushahidi. Hayakutoka. Mtu wa kijiko alikuwa na mdomo, na alijitetea, na alisema alisikia kikohozi. Alimwambia polisi. Polisi alicheka.

Alimsomea maelezo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Robi akaweka dole gumba. Kisha Elieth akasema, "Kuna jambo la mwisho, na ni gumu. Lazima uje konani unionyeshe uliposimama. Mafundi watakuwepo."

"Wote?"

"Wote."

Robi akafunga kanga vizuri, akatoka.

Mafundi waliacha waya na mawe walipomwona anateremka mbele ya polisi. Alionyesha aliposimama yeye. Alionyesha aliposimama mume wa Esta. Alipofika kuonyesha utepe, akaonyesha kwa kidevu. Simioni alivua kofia yake ngumu. Marwa alikuwa amegeukia ukuta, ingawa hakuwa mkwe wa Robi wala wa mtu yeyote pale.

*

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alisikiliza kwenye simu bila kumkatiza, kisha akasema, "Kwa hiyo uliniletea mtu asiye na kosa."

"Ndiyo, mkuu."

"Na tulishawaambia watu tumemkamata muuaji."

"Mimi niliwaambia. Nitawaambia tena."

Elieth mwenyewe alivitoa viatu vya Ngeleja kwenye kabati, akavibeba kwa mkono mpaka mahabusu, askari wote wakiona. Akafungua mlango.

"Nilikuambia alikohoa," Ngeleja alisema alipokwisha kuelezwa.

"Uliniambia."

"Ukacheka."

"Nilicheka. Nakuomba radhi. Siyo kwa niaba ya kituo, kwa niaba yangu."

Ngeleja alivaa kiatu kimoja, akakaa na kingine mkononi. "Mama huyo alikisikia na yeye?"

"Alikisikia. Alidhani anapewa njia."

Alichukua muda mrefu kuvaa kiatu cha pili.

Hakutaka kupelekwa stendi. Alitaka nguo zake kambini, juu ya kona. Elieth alimpakia mbele, siyo nyuma, akaendesha mwenyewe. Jua lilikuwa limelalia upande wa ziwani, na barabara ilikuwa tupu kwa sababu Simioni alikuwa amewaruhusu watu mapema.

Robi alikuwa bado yuko pale. Alikuwa amekaa kwenye rundo la mawe ya gebioni, na aliposikia gari, akasimama akaugeukia ukuta, kanga usoni.

"Simama," alisema Ngeleja.

"Huna haja."

"Afande, simama."

Alishuka. Yeye hakuwa mkwe wa mtu katika mlima huo; hakuna desturi iliyomkataza kumkaribia mama yule. Alisimama nyuma yake kwa adabu, mikono imeshikana mbele.

"Shikamoo, mama."

Mgongo haukugeuka. "Marahaba, baba." Kisha, "Ni wewe uliyekuwa unamwita?"

"Ni mimi, mama."

"Nilikuachia mzigo wangu, ukaubeba."

"Umeshautua, mama. Umeisha."

"Nikuulize." Sauti ilikuwa inatoka kwenye kanga, ikigonga udongo. "Ulipofika pale, alikuwa bado anakohoa?"

Elieth alizima injini. Ngeleja aligeuza kichwa akamtazama kupitia kioo cha gari. Kwa kikohozi kile alichekwa wiki nzima. Alilazwa chini kwa ajili yake, alinyimwa viatu, aliigizwa na kila askari aliyepita mlangoni, na hakukibadilisha hata kidogo.

"Hapana, mama," alisema. "Nilikuta kimya. Mganga naye alisema hivyohivyo, alikwenda palepale."

Mabega ya Robi yalishuka. "Muulize afande," Ngeleja aliongeza, "taarifa anayo."

Robi hakuuliza. Lakini alikuwa anasubiri, na Elieth akatoa kichwa dirishani.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama," alisema, na hakuweza kumtazama mtu yeyote kati ya wale wawili.